Nani Amenyang'anya Nani? Kemia, Kitenzi na Kazi ya Kitivo Chetu

Jioni moja ya likizo, nyumbani kwetu Mumosho, mdogo wangu aliniletea daftari lake la kemia. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, sehemu ya biolojia na kemia, na mbele yake kuna egzameni ya Leta. Nilimkumbusha kwamba mimi ninasoma isimu ya lugha za Kiafrika. Akajibu, "Yaya, si yote ni chuo kikuu?" Tukakaa chini ya taa ya sola, daftari katikati.

Ukurasa ulikuwa na majina ya jamaa mbili za kemia kwa Kifaransa: "acides carboxyliques" na "halogénures d'alkyle". Kati yake kulikuwa na mshale unaotoka jamaa ya pili kwenda ya kwanza. Aliyasoma maelezo ya zote mbili bila kutazama daftari, bila kukosea hata neno moja. Nikamwomba aniambie kwa Kiswahili asidi hiyo ni kitu gani. Akanyamaza. Kisha akasema, "Hiyo niliishika kwa kichwa tu." Halafu akauliza swali ambalo daftari halikulijibu: "Na kurudi? Mtu anaweza kutoka ku asidi aende ku ile ingine?"

Sikujua. Nikampigia simu rafiki yangu anayesoma kemia. Akanieleza kwa Kifaransa mambo aliyoyasoma kwa Kiingereza, nami nikaanza kumweleza mdogo wangu kwa Kiswahili. Lugha tatu kwa swali moja. Yaliyotokea katika hatua ile ya mwisho, yaani kufikisha habari katika Kiswahili, ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Ninaamini ni kazi ya kitivo chetu, na sisi tumeiacha ikalala.

Kwanza nieleze jambo lenyewe, kwa wenzangu walioagana na kemia siku walipochagua lugha. Asidi za kaboksili ni jamaa kubwa, na tunaishi nazo. Siki ina mojawapo. Maziwa yaliyoganda yana nyingine. Mafuta ya mawese yamebeba asidi ya palmiti, ambayo hata jina lake linatokana na mti wenyewe. Kila asidi ya jamaa hii ina mwili, na mwishoni mwa mwili ina kichwa cha aina moja: kaboni moja, oksijeni mbili, haidrojeni moja. Halidi ya alkili nayo ina mwili kama huo, lakini mahali pa kichwa imekaa atomu moja tu ya florini, klorini, bromini au iodini, zile zinazoitwa halojeni. Wanakemia huzipenda halidi hizi kwa sababu klorini, bromini na iodini ni wageni wasiong'ang'ania kiti. Hutoka kwa urahisi, na mahali pao unaweza kuweka kipande kingine, ukaendelea kujenga dawa au kitu kingine unachokitaka. Asidi ni nyingi na ni rahisi kuzipata; halidi ndizo zinazohitajika kazini. Swali la mdogo wangu, basi, halikuwa la kitoto.

Njia ya kurudi ipo, na ni ya zamani. Mwaka 1861 Mrusi Alexander Borodin, mwanakemia ambaye pia alitunga muziki mkubwa, alichukua chumvi ya asidi iliyotengenezwa kwa madini ya fedha, akaikutanisha na bromini. Kichwa kikatoka, bromini ikaingia. Wajerumani wawili, mume na mke, Heinz na Clare Hunsdiecker, waliiendeleza njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, na leo inaitwa kwa jina lao. Lakini ni njia ngumu. Chumvi hiyo lazima iwe kavu kabisa, fedha ni ghali, na bromini ni kimiminika kinachounguza ngozi na mapafu.

Njia mpya inatumia mwanga, tena mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Mwaka 2015 kundi la David MacMillan huko Princeton, Marekani, lilionyesha jinsi ya kuweka florini mahali pa kichwa cha asidi kwa msaada wa mwanga huo. Mwaka 2016 kundi la Frank Glorius huko Münster, Ujerumani, likaonyesha klorini, bromini na iodini. Kinachofanya kazi ni chembe chache za mchanganyiko wenye madini ya iridiamu, zikimulikwa kwa mwanga wa bluu, bila moto mkali. Wazo la kuutumia mwanga hivyo si la jana. Mwaka 1912 Giacomo Ciamician wa Bologna aliwahutubia wanakemia wenzake mjini New York kuhusu siku ambayo binadamu wangejifunza kwa mimea kuutumia mwanga wa jua katika kemia.

Hayo niliyapata kwenye simu kwa muda wa robo saa. Kazi ilianza nilipogeuka kumwambia mdogo wangu.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la mwanafunzi wa lugha: nilitafuta maneno. Na maneno yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kiswahili kina "usanisinuru" kwa kazi ya jani linalojitengenezea chakula kwa mwanga, neno ambalo mimi huliona kuwa kati ya mazuri kabisa tuliyonayo. Kina "kichocheo" kwa kitu kinachoharakisha badiliko la kemia bila chenyewe kuliwa. Nikamwambia kwa fahari, "Ile iridiamu ni kichocheo."

Akafikiri kidogo. "Kichocheo, ni kama kuni?"

Hapo nikaona kasoro yangu. Neno ni zuri, limezaliwa na kitenzi "chochea" ambacho kila aliyekaa jikoni anakijua. Lakini mtoto wa Mumosho akisikia kuchochea moto, anaona kuni zikisukumwa ndani, na kuni huisha. Alielewa kinyume kabisa cha maana inayotakiwa, tena kwa sababu neno ni letu na lina picha. Kamusi ilinipa kisawe. Haikunipa sentensi ya kumzuia asipotee. Ilibidi niseme: "Si kuni. Ni kile kijiti unachochochea nacho. Kuni zinaungua, kijiti kinabaki mkononi mwako." Akacheka, akasema hata kijiti huungua ncha mwishoni. Rafiki yangu wa kemia alipoambiwa baadaye alikubali: hata vichocheo halisi huchakaa.

Jaribio la pili lilikuwa gumu zaidi, na ndilo lililonifundisha. Kwa Kifaransa nilikuwa nimeambiwa kwamba kuna "transfert d'électron" kati ya kichocheo na asidi. Niliitikia, nikaona nimeelewa. Nikamwambia mdogo wangu, "Mwanga ukipiga, elektroni inahama." Akauliza, "Inatoka kwa nani?" Nikasema, "Inachukuliwa." Akauliza, "Na nani? Nani amenyang'anya nani?"

Sikuweza kujibu. Nilikuwa nimebeba nomino tupu. Neno "transfert" halisemi mwelekeo. Linakuruhusu kupita mbele ya mlango bila kujua nani ametoka na nani ameingia. Kiswahili nacho kina vificho vyake, na nilivitumia vyote viwili: kitenzi kisicho na mtendwa, "inahama", na kauli ya kutendwa isiyomtaja mtendaji, "inachukuliwa". Lakini vificho hivyo havidumu. Msikilizaji anauona utupu, anaudai ujazwe. Na ukitaka kuujaza, kitenzi kinakulazimisha uchague. Ukisema "kichocheo kinaipa", umesema jambo moja. Ukisema "kichocheo kinainyang'anya", umesema jambo lililo kinyume. Hakuna njia ya katikati.

Nikapiga simu tena. Rafiki yangu naye akanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kisha tukaipata sentensi kwa sentensi, nami naiandika hapa kama nilivyomwambia mdogo wangu:

Kwanza besi inaiondolea asidi protoni yake, na kichwa cha asidi kinabaki na chaji hasi. Mwanga unakipiga kichocheo, kinachangamka. Kikiwa kimechangamka hivyo, kinakinyang'anya kichwa cha asidi elektroni moja. Kichwa kilichonyang'anywa hakiwezi tena kujishikiza. Kinachomoka na kwenda zake kama kaboni dioksaidi, hewa ileile tunayoitoa puani. Mwili uliobaki una elektroni moja isiyo na mwenzi, na hauwezi kukaa hivyo. Unanyakua halojeni kutoka kwa kitu kilichowekwa humo kwa kazi ya kuitoa. Kitu hicho, kikishapokonywa halojeni yake, kinahitaji elektroni. Kichocheo kinakipa ile kilichoichukua mwanzoni. Sasa kichocheo kiko kama kilivyokuwa, kinangoja mwanga mwingine.

Mdogo wangu akasikiliza mpaka mwisho. "Basi haikuiba," akasema. "Ilikopa hapa, ikalipa pale."

Sijasoma maelezo mafupi kuliko hayo ya jinsi kichocheo kinavyofanya kazi bila kuisha. Na nikamwonyesha taa juu yetu: ndani ya taa nyeupe ya aina ile, chanzo chenyewe cha mwanga kwa kawaida ni kitone kinachotoa bluu, kikafunikwa rangi ili tuone nyeupe.

Sasa nigeukie isimu, maana hapa ndipo ninapotaka tubishane. Kuna mambo mawili ambayo jioni ile ilinionyesha kuhusu lugha zetu.

La kwanza ni viambishi vya kutendua. Badiliko lote tunalolizungumzia linaitwa kwa Kifaransa kwa jina refu ambalo mwanafunzi hulimeza kama kidonge. Kiswahili kinalisema kwa jozi moja: chomoa, chomeka. Kichwa kinachomolewa, halojeni inachomekwa. Mzizi mmoja, viambishi viwili. Ni jozi ya aina ileile ya bandika na bandua, ziba na zibua. Huu si utajiri wa Kiswahili peke yake. A. E. Meeussen, katika kazi yake ya mwaka 1967 juu ya sarufi ya Kibantu cha kale, aliuweka unyambuaji wa kutendua kati ya mambo yaliyorithiwa tangu mbali. Ng'ambo ya Ruzizi, Mnyarwanda anasema "gukinga" kwa kufunga mlango na "gukingura" kwa kuufungua. Kemia kwa sehemu kubwa ni habari ya vitu vinavyofungana na kufunguana. Lugha iliyo na sarufi maalumu kwa kazi hiyo haistahili kuambiwa kwamba haifai kemia.

La pili ni la kutuonya. Nilipojaribu kusema sentensi zile haraka, nilijikwaa mahali ambapo sikutarajia: upatanisho. Asidi, elektroni, halojeni, besi, protoni: maneno yote haya ya mkopo yameingia ngeli moja, ya I-ZI. Sema "inaiachia" na hakuna ajuaye nani anamwachia nani nini. Kiambishi ambacho kazi yake ni kumtofautisha mtendaji na mtendwa kinakuwa kipofu, kwa kuwa wote wamevaa nguo moja. Katika Kiswahili chetu cha Bukavu, ambacho tayari kinapenda "iko" kwa karibu kila kitu, hali ni ngumu zaidi. Sentensi yangu ilieleweka kwa sababu kichocheo na kichwa ni vya KI-VI na mwanga na mwili ni vya M-MI au U. Wanaotetea istilahi za asili mara nyingi hutoa hoja ya heshima na utambulisho. Mimi naongeza hoja ya sarufi: tukitawanya istilahi katika ngeli mbalimbali, upatanisho utafanya kazi yake na msomaji ataona nani amefanya nini. Tukikopa yote, tunalipofusha jicho hilo kwa mikono yetu.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimekwisha kupewa mengine. Mwenzangu mmoja alipoona nimeandika habari ya iridiamu katika daftari la isimu aliniuliza kama nimehama kitivo. Nitayajibu yale ya uzito.

Wa kwanza watasema egzameni iko kwa Kifaransa, kwa hiyo ninampotezea mtoto muda. Egzameni ni kweli iko kwa Kifaransa, na sisemi iondolewe. Katiba ya nchi yetu ya 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika kufundishia. Hakuna inayomkataza mwalimu au yaya kueleza jambo kwa lugha inayoeleweka, kisha kurudi kwa Kifaransa na jambo likiwa mkononi.

Wa pili watauliza: Kiswahili kipi? Cha kamusi ya Dar es Salaam au cha sokoni Kadutu? Swali hili ni zuri, na watu wa kitivo chetu ndio wanaoweza kulijibu. Jioni ile nilitumia vyote viwili. "Kichocheo" nilikitoa kamusini. "Ilikopa hapa, ikalipa pale" ilitoka kwa binti wa Mumosho. Istilahi ziwe za pamoja, ili mwanafunzi wa hapa aelewane na wa Kigoma. Sentensi ya kuzieleza iwe ya mahali inapotamkwa.

Wa tatu, na hao nawaheshimu zaidi, watasema Mumosho watu huongea Mashi kabla ya Kiswahili, kwa hiyo nimeruka lugha ya mama na kujisifu nimefika. Wana haki. Bibi yetu alikuwa amekaa pembeni akisikiliza, na hakupata kitu. Kazi hii kwa Mashi ingekuwa ngumu zaidi na yenye thamani zaidi, na sina udhuru ila kwamba sijaianza.

Na hata Tanzania tusiione kama paradiso. Watoto wao husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, lakini sekondari, palepale kemia inapoanza kuwa kemia, hupokelewa na Kiingereza. Kamusi ya 1990 imekuwako muda wote huo. Hiyo inatufundisha kwamba orodha ya istilahi, hata iwe nzuri vipi, haiingii darasani kwa miguu yake. Inabebwa na maandishi marefu, na maelezo yaliyokwisha kujaribiwa mbele ya mtu anayeuliza.

Ndiyo maana ninapendekeza mambo matatu, madogo, yasiyohitaji bajeti. Jarida hili litenge kurasa mbili kila toleo kwa jambo moja la sayansi lililoelezwa kwa Kiswahili, likiandikwa na watu wawili, mmoja wa lugha na mmoja wa sayansi. Kabla ya kuchapwa, lisomwe kwa sauti mbele ya mwanafunzi mmoja wa sekondari, na maswali yake yaandikwe, pale atakapouliza "na nani?", sentensi irudi jikoni. Na wahadhiri wetu wakubali kazi za mwisho wa masomo zinazochunguza lugha ya maelezo hayo: ngeli, vitenzi, mahali msikilizaji anapopotea. Tumeandika mengi juu ya methali na majina ya watu. Ni kazi nzuri, tuendelee nayo. Lakini mtoto anayekariri asichokielewa naye ni tatizo la lugha, na sisi tumelazimika kulitazama.

Sitadai kwamba jioni moja na mwanafunzi mmoja ni utafiti. Ninaeleza tu nilichokiona mwishoni. Kabla ya kulala, mdogo wangu alirudi kwenye daftari lake, akachora mshale wa pili, wa kurudi, kutoka asidi kwenda halidi. Juu yake akachora jua dogo. Chini yake akaandika sentensi mbili kwa Kifaransa, bila kuniuliza. Kifaransa kilikuwa na kosa la upatanisho, ambalo nilimsahihishia. Kemia haikuwa na kosa.